Mstari wa Mwisho ni wa Irabu

Mwalimu huanza na mstari wa chini. Watungaji wengine wa fumbo la maneno huanza juu, kwenye pembe ya kushoto, wakaweka neno refu wanalolipenda, kisha wakateremka nalo mpaka wakwame. Yeye hunoa penseli kwa wembe, hufungua kaye ya karo, yaani daftari la mirabamiraba, hupiga mistari kwa rula ya mbao aliyobaki nayo tangu enzi za darasani, halafu kidole chake hushuka moja kwa moja hadi visanduku vya mwisho. "Huku chini," ananiambia, "njo Kiswahili inakataa."

Tumekaa kibarazani kwake Nyantende, kusini mwa Bukavu, juu kidogo ya barabara inayotoka Panzi kuelekea Nyangezi. Asubuhi ni ya baridi, ukungu haujainuka migombani, na kila mtu amevaa sweta. Mwalimu alifundisha kwa miaka mingi darasa la kwanza na la pili, yale ambayo huku kwetu mtoto husomeshwa kwa Kiswahili kabla Kifaransa hakijamchukua. Jina lake sitalitaja, na hapa hakuna anayelitumia: ni Mwalimu, basi. Rafiki yake wa mafumbo ni Mama Muganga, muuguzi mstaafu anayeishi ng'ambo ya bonde. Kaye inayokwenda na kurudi kati yao huibeba mtoto wa Mama, kijana wa pikipiki, ambaye mvua ikinyesha huificha chini ya jaketi. Nimekuja mara nyingi kuwatazama na bado sijashiba.

Huko kukataa kwenyewe ni hivi. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Katika fumbo la maneno, maneno ya wima hushuka mpaka mstari wa mwisho yakaishia hapo. Basi kama hukuweka kisanduku cheusi cha kuyakatiza njiani, mstari wote wa chini utajaa irabu tupu, na mstari huo nao unatakiwa usomeke kuwa neno. Upande wa kulia ni vilevile, maana huko ndiko maneno ya mlalo yanakoishia. Mfaransa hana shida hii. Maneno yake huishia S, R, T, E, apendavyo, na mtungaji wake hupanga S nyingi kule pembeni chini kama mwashi anavyopanga matofali. Mswahili anabaki na A, E, I, O na U, na hizo hizo azijengee neno lenye maana. Yako mangapi? Mwalimu ameyaandika ndani ya jalada la kaye: oa, ua, au, eua, aua. Chini yake ameacha nafasi kubwa, kwa matumaini.

Mtu mvivu angejaza visanduku vyeusi pembezoni akamaliza kazi. Magazeti mengi hufanya hivyo, na siyalaumu, gazeti linatakiwa kutoka kesho. Mwalimu hana kesho ya gazeti. Siku ya kwanza nilipomtembelea alinionyesha mraba mdogo wa visanduku tisa, usio na cheusi hata kimoja:

O K A
K U U
A U A

Soma kwa mlalo: oka, kuu, aua. Soma kwa wima: oka, kuu, aua. Niliusoma mara tatu, nikaugeuza, nikausoma tena. Karatasi ilikuwa imekonda pale katikati kwa kufutwa. Ukiiinua kuelekea mlango unaona mwanga wa nje unapita. Alianza na ona, neno analolipenda, lakini ona ikataka neno la katikati lianze na N na liishie na U, na hakulipata. Akajaribu uma, akakwama kwenye M. Jioni baada ya jioni alibadilisha herufi moja, akatazama jinsi ile nyingine inavyoanguka, akairudisha. Oka alilipata siku alipopita jikoni mkewe akichoma ndizi kwenye makaa. Alirudi kibarazani bila kusema neno, akaandika herufi tatu, na kuu ikaja yenyewe ikakaa katikati, kama mgeni aliyekuwa akingoja kufunguliwa mlango.

Kazi ya namna hii haionekani ikifanyika. Mtu anayesuka kikapu unamwona akisuka, fundi seremala unasikia randa yake. Huyu unamwona mzee amekaa, penseli sikioni, anatazama bonde. Inabidi ukae naye saa nzima ndipo uone kidole kinavyogonga goti: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu.

Mraba ule ulipokwenda kwa Mama Muganga, ulirudi na visanduku sita vimejazwa na mstari wa mwisho uko mtupu. Herufi zilizokuwa juu zilikuwa sahihi zote, kwa hiyo Mwalimu alijua kwamba alichopaswa kuandika chini anakiona. Hakuuliza kwa kupeleka ujumbe. Alingoja Jumapili, baada ya misa, wakakaa kwenye benchi la butiki na chupa ya chai, akamfungulia kaye.

"Mama, hapa umeacha."

"Niliiona, Mwalimu. Sikutaka kuiandika."

Mama alikuwa amesoma aua kama mtu yeyote wa huku angesoma: yule, anaua. Muuguzi aliyefanya kazi Kivu Kusini katika miaka ile ya vita tunayoijua sote hahitaji kueleza kwa nini penseli yake ilisimama. Kabla ya hapo, kwenye fumbo jingine, Mwalimu alikuwa ameweka neno la visanduku viwili, ua, na dokezo lake likasema: "Zuri bustanini, baya vitani." Ni dokezo safi, fupi, lina mizani, na mtungaji yeyote angelionea fahari. Mama alilijaza, kisha pembeni akaandika kwa penseli kwamba aliondoe. Mwalimu akalifuta. Mahali pake akaandika: "Moja huzunguka nyumba, jingine hunukia." Nimeyalinganisha madokezo haya mawili mara nyingi. La kwanza ni kali zaidi. La pili ni bora zaidi, kwa kuwa msomaji wake ni Mama Muganga.

Sasa kwenye benchi akamweleza aua nyingine, ile ya makamusi na ya watu wa pwani. Kuaua ni kulizunguka shamba ukilitazama: maharage yameota wapi, yamepooza wapi, ng'ombe wa jirani amepita wapi. Hufanywa polepole, mikono nyuma. Mama alikaa kimya. Halafu akasema kwamba hicho ndicho anachokifanya kila siku alfajiri tangu astaafu, na hakujua kwamba kina jina. Akaomba penseli, akajaza visanduku vitatu vya mwisho palepale butikini.

Georges Perec, mwandishi wa Kifaransa ambaye mwaka 1969 alichapisha riwaya nzima isiyo na herufi E, alitunga pia mafumbo ya maneno ya jarida la Le Point kuanzia 1976. Katika kitabu cha mafumbo hayo, cha 1979, alieleza kwamba kazi hii ni kazi mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni kujaza visanduku: mateso ya herufi, hesabu tupu, maana ya neno haina thamani, kinachotakiwa ni neno liingie. Ya pili ni kutafuta madokezo, na hiyo hufanywa kwa kutembeatembea, bila haraka, mtu akilizunguka neno alilokwisha kuliweka mpaka alione kwa upande ambao hakuwahi kulitazama. Nilipomsimulia Mwalimu haya alitikisa kichwa kukubali, akasema yeye hujaza ameketi na hudokeza anapokwenda kuchota maji.

Na Kiswahili, ambacho kwenye kazi ya kwanza kinakataa, kwenye ya pili ni mkarimu kupita kiasi. Lugha hii imejaa maneno yenye sura moja na roho tatu nne. Paa liko juu ya nyumba, paa yuko porini, na ndege anapaa. Mtungaji Mfaransa akipata neno kama hilo hushangilia. Kuna dokezo mashuhuri la Robert Scipion linaloahidi kitu kizee pamoja na kipya, kumbe neno la Kifaransa la "kipya" ndilo pia la "tisa", na jibu ni mzee wa miaka tisini. Watu wamelisimulia dokezo hilo kwa miongo. Kwetu huku maneno ya namna hiyo yamelala njiani, yanasubiri tu mtu ainame.

Hebu tazama alivyoinama Mwalimu. Neno lilikuwa panda, visanduku vitano. Angeweza kuandika "Weka mbegu ardhini" na kila mtu angejaza. Aliandika: "Wewe unazifanyia mbegu, mwanao anaifanyia milima." Mpelekee dokezo hili mtu wa Dar es Salaam na atalifumbua, labda, akikaa nalo. Lakini halikuandikwa kwa ajili yake. Liliandikwa kwa mwanamke mmoja mwenye shamba la maharage na kijana anayepanda kilima cha Nyantende kwa pikipiki mara kumi kwa siku akiwa na abiria mgongoni. Mama alipolisoma alicheka peke yake jikoni, kijana akamwuliza anacheka nini, akamsomea, na kijana akalijibu kabla yake. Hilo lilikuwa neno la kwanza la kijana yule. Mpaka siku hiyo alikuwa amebeba kaye miezi bila kuifungua.

Kuna lililoshindikana pia, na kushindikana kwake kuliwapa mazungumzo ya wiki mbili. Visanduku vitano: "Huku hula majani, pwani hula nazi." Mama alipata M, Z na I kwa maneno ya wima na bado akakataa.

"Mbuzi ya wapi hiyo inakula nazi, Mwalimu?"

"Ya Mombasa, Mama. Ya Zanzibar. Ile si mnyama, ni kiti. Iko na ulimi ya chuma yenye meno. Mtu anaikalia, anakwangua nazi."

"Na unaniuliza mimi, mtu ya milima?"

Alikuwa na haki. Nazi hufika Bukavu ikiwa mgeni, na mbuzi ya kukunia ni chombo ambacho Mwalimu mwenyewe amekijua kwa picha tu. Alikubali kwamba dokezo ni la kujionyesha. Nilimpenda kwa kukubali kwake haraka. Hata hivyo Mama hakumruhusu alifute. Alitaka libaki, akamwomba amchoree kiti hicho pembeni mwa ukurasa, na mchoro ule upo hadi leo, ukiwa na miguu mifupi na ulimi mrefu. Kila mara wanapoona mbuzi barabarani, mmoja humwuliza mwenzake kama amekwisha kula nazi.

Mama Muganga aliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa Kifaransa. Katika zamu za usiku kulikuwa na vijitabu vya mo kruaze, mafumbo ya maneno ya Kifaransa, vilivyoachwa na wageni, na saa nane za usiku, kati ya mgonjwa na mgonjwa, kijitabu kilimzuia asisinzie. Huko ndiko alikojifunza kwamba mchezo wenyewe una umri mdogo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, ndiye aliyechapisha fumbo la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, umbo lake likiwa kama almasi. Lakini kufumba kwenyewe kwetu ni kwa kale sana. Mtoto wa huku hajui kusoma na tayari anajua kwamba kitendawili hutegwa, na kwamba ukishindwa unatoa mji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alitunga mashairi yaliyofumbwa kwa makusudi ili mshairi mwenzake ayafumbue kwa shairi. Na tazama maneno yenyewe: mtu hufumba macho, hufumba mkono, hufumba maneno, kisha hufumbua. Hakuna anayefumba mkono mbele ya ukuta. Anaufumba mbele ya mtoto, amwulize kuna nini ndani.

Mwaka jana kijana wa pikipiki alileta habari aliyoiona kwenye simu ya abiria: mtu mmoja wa New Zealand, Nigel Richards, alikuwa bingwa wa Scrabble wa dunia kwa Kifaransa bila kujua Kifaransa. Habari ilikuwa ya zamani, lakini ni ya kweli. Ilitokea 2015, Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Alisoma kamusi kwa wiki chache, akayaweka maneno kichwani, na kwenye fainali akamshinda mchezaji kutoka Gabon ambaye Kifaransa ni lugha yake ya kila siku. Habari hiyo ilikalia benchi la butiki mchana mzima. Kijana alisema huyo ni fundi kuliko mafundi wote. Mama alisema amebeba mifuko bila kujua ndani mna unga au saruji. Mwalimu, ambaye nilidhani angemwunga mkono Mama, alimtetea yule bwana: mtu anayeweza kupenda umbo la neno kiasi hicho, bila malipo ya maana, ana upendo ambao yeye Mwalimu hajaufikia. Ila akaongeza kwamba huyo bwana hawezi kuandika dokezo. Hana wa kumwandikia kwa lugha hiyo.

Nije sasa kwenye ugomvi mkubwa, maana upo, na ni wa lugha yenyewe. Sisi wa Bukavu tunasema mutu. Tunasema mutoto, mupira, muchuzi. Kamati iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki iliegemea Kiunguja na ikahudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwa mezani. Kwa mazungumzo haina shida, sikio hujirekebisha. Kwenye visanduku haisameheki. Mtu ni visanduku vitatu na mutu ni vinne. Mwalimu alifundisha miaka yote hiyo akiandika mtoto ubaoni na watoto wakisoma mutoto kwa sauti moja, na hakuwahi kuona kosa, mpaka alipoanza kuhesabu karo.

Mama alikuwa akijaza mutoto na kulalamika kwamba kisanduku kimepungua. Mwalimu alileta kamusi, ile ya Lenselaer ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa 1983, jalada limeshikiliwa na plasta ya hospitali ambayo bila shaka ilitoka kwa Mama mwenyewe. Alimwonyesha. Mama akasoma, akafunga kamusi kwa heshima, akasema: "Kitabu iko sawa. Lakini mimi nasema namna gani?" Swali hilo lilimkaa Mwalimu moyoni. Hakutaka kumfundisha rafiki yake kuona haya na ulimi wake, wala hakutaka kuandika fumbo ambalo mtu wa Morogoro au Lamu angeshindwa kuliingia. Kwa miezi kadhaa alikwepa: akatunga mafumbo yasiyo na neno hata moja la m- ya kwanza. Jaribu wewe uone. Huna mtu, mti, mkono, mlima; mwezi hauna shida lakini mchana umekwenda. Mafumbo ya miezi ile, nikiyatazama sasa, ni makavu, kama mji uliohamwa.

Jibu alilipata kwa mkondo wa mbali. Mtu fulani aliyesoma Japani alimsimulia kwamba Wajapani, kwa namna wanavyoandika, hutia silabi nzima katika kila kisanduku cha fumbo. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa mwalimu wa darasa la kwanza tena. Ba, be, bi, bo, bu: si ndivyo alivyowafundisha watoto maisha yake yote? Kiswahili chenyewe kimekatika kwa silabi, tayari, tangu kuumbwa. Washairi wetu huhesabu mizani hivyo hivyo, wala hawahesabu herufi. Na katika mizani, ile m ya mtu hutamkwa peke yake, ni silabi kamili. M-tu: mbili. Mu-tu: mbili.

Nilikuwepo alipotueleza hilo na nakumbuka nilisimama. Visanduku viwili kwa wa Unguja, viwili kwa wa Bukavu. M-to-to, mu-to-to: vitatu kwa vitatu. Kila mtu ajaze anavyosema mama yake, na neno linalopita katikati halitikisiki. Pale silabi hiyo ya kwanza inapokutana na neno jingine, inatosha kuchagua neno ambalo nalo lina m ya namna hiyo. Mkulima atagonga mchuzi, mukulima atagonga muchuzi, na wote wawili wamefika. Na ule mstari wa mwisho uliokuwa unakataa? Umekubali. Silabi ya mwisho ya neno inaweza kuwa ka, li, mbo, yoyote, kwa hiyo sakafu ya mraba haijai irabu tena. Matatizo mawili aliyoyahangaikia kwa miaka, ambayo mimi sikuwahi kudhani yana undugu, yaliondoka kwa mkato mmoja wa rula.

Mraba wake wa kwanza wa silabi ni huu. Niliunakili kwa ruhusa yake:

M – PI – RA
PI – LA – U
RA – U – KA

Mpira, pilau, rauka, kwa mlalo na kwa wima. Ukitaka mupira, andika MU kwenye pembe ile ya juu na hakuna kitakachoanguka. Rauka ndilo lililomgharimu. Alikuwa na mpira na pilau vimekaa, na kona ya mwisho inataka neno linaloanza na ra-u. Aliipekua kamusi kuanzia R, ukurasa kwa ukurasa, na kidole chake kikasimama: rauka, kuamka mapema kabla ya watu. Neno ambalo huku halisemwi. Madokezo aliyaandika siku ile ile. La mpira: "Watoto ishirini na wawili humkimbiza mmoja." La pilau: "Harusi isiyo nayo, wageni huondoka mapema." Na la rauka: "Anayeaua hana budi." Uone alivyofanya. Ameliweka neno lililokuwa limemtisha rafiki yake kuwa ufunguo wa neno jipya, kwa sababu sasa lilikuwa neno lao. Mtu mwingine akilisoma dokezo hilo halimwambii kitu. Kwa Mama ni sentensi kamili.

Hakulijibu mara moja. Kaye ilikaa kwake siku kumi, na kijana wa pikipiki alipoulizwa alisema tu kwamba Mama anaandika. Tulidhani amekwama kwenye rauka. Iliporudi, mpira, pilau na rauka vilikuwa vimejazwa, kwa MU pembeni juu, herufi kubwa na za uhakika. Ukurasa wa pili ulikuwa na mraba mwingine. Mistari yake ilikuwa imepinda kidogo, haikupigwa kwa rula, na gomu ilikuwa imepita pale mara nyingi kuliko kwa Mwalimu.

I L A
L A U
A U A

Ila, lau, aua. Wa herufi, usio na cheusi, juu ya sakafu ile ile ya irabu aliyoacha tupu mwaka uliotangulia. Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu. Alipitisha ncha ya penseli juu ya kila neno bila kugusa karatasi, mlalo, kisha wima, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari ya watoto, akitafuta kosa kwa sababu kazi iliyofanywa vizuri inastahili kutafutwa kosa. Hakulipata. Alifungua jalada, akatafuta pale kwenye orodha yake, akakuta hakuna cha kuongeza. Alisema tu: "Mimi lau sikuiona." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi.

Jumapili iliyofuata Mama alifika kwenye benchi kabla yetu sote, viatu vyake vina udongo mwekundu. Mwalimu alimwamkia, akamwuliza habari za asubuhi.

"Nimerauka, Mwalimu."

"Na shamba, umeiaua?"

"Nimeiaua yote. Maharage iko muzuri mpaka kule chini kwa mto."

Kijana wa pikipiki, aliyekuwa anafuta kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa, aligeuka na kitambaa mkononi. "Mama! Umeua shamba?"

Walicheka mpaka Mama akashika benchi. Mwalimu alijipangusa macho, akafungua kaye kwenye ukurasa mweupe, akamwita kijana aje akae katikati yao, na akaanza kupiga mistari.